Majina ya Nchi Zisizokuwapo

Waandishi wa Kiingereza wanaotunga hadithi za nchi za kubuni wana desturi moja inayonipendeza sana mimi niliyefundisha jiografia. Ukifungua kitabu, kabla hujafika sura ya kwanza, unakutana na ramani. Mito imechorwa, milima imepangwa, na kila mahali pana jina. Wasomaji wengi huipita ramani hiyo haraka ili waiwahi hadithi. Mimi hubaki hapo nikijiuliza: jina hili mwandishi amelitoa wapi?

Maana hakulitoa hewani. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, nilikuwa nikiwapa wanachuo zoezi la kuchora kisiwa cha kubuni, chenye skeli, kontua na majina. Aliyeunganisha herufi ovyo ili apate jina geni, wiki iliyofuata hata yeye mwenyewe hakulikumbuka. Lakini aliyeuita mto wake kwa neno la lugha ya kwao lenye maana ya kivuko au maji ya chumvi, darasa zima liliutaja mto huo mpaka mwisho wa muhula.

Mchezo huu ni wa zamani. Thomas More alipotoa kitabu chake mwaka 1516, kisiwa chake alikiita Utopia, jina lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake mahali pasipokuwapo. Mto wake mkuu ni Anydrus, yaani usio na maji. Alikuwa akitaniana na wasomi wenzake. Asiyejua Kigiriki angeweza kabisa kwenda bandarini kuulizia nauli.

Narnia ya C. S. Lewis, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1950, watu wengi huidhania kuwa ni jina tupu lililotungwa kwa ajili ya watoto. Kumbe Narnia ulikuwa mji wa Warumi, juu ya kilima katikati ya Italia, na jina lake lilitokana na mto Nar upitao chini yake. Leo unaitwa Narni na wenyeji wangali wanaishi humo. Walter Hooper, aliyekuwa katibu wa Lewis, ameeleza kwamba Lewis alilipigia mstari jina hilo katika atlasi ya nchi za kale kwa kupenda sauti yake tu.

Lakini fundi wao mkuu ni J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyefundisha Kiingereza cha kale. Kitabu chake kikubwa kilitoka kwa majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955. Chukua Isengard. Sehemu ya kwanza ni chuma. Ya pili ni neno la kale la ua au mahali palipozungushiwa. Kwa Kiswahili ningesema Boma la Chuma, na jina hilo lisingemshangaza yeyote aliyewahi kupita Bomang'ombe, Kilimanjaro. Mordor, katika lugha aliyoibuni mwenyewe, ni Nchi Nyeusi. Lakini sikio la mtu ajuaye Kiingereza cha kale linasikia pia neno la mauaji. Na Bag End, nyumba ya mhusika wake mpole, lilikuwa jina la shamba la mama yake mdogo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyoyapanga. Katika nchi ya wapanda farasi, Rohan, majina mengi ni ya Kiingereza cha kale. Vuka kwenda Gondor, majina yanabadilika sura, na unajua umeingia kwa watu wengine kabla hujaambiwa. Ndivyo anavyoona msafiri atokaye Tanga kwenda Arusha: majina ya vituo yanamweleza sasa yuko kwa Wasambaa, sasa kwa Wapare, sasa kwa Wachaga, sasa kwa Wamaasai. Tafsiri za Kiholanzi na Kiswidi zilipomkera Tolkien, katika miaka ya 1960 aliwaandikia wafasiri mwongozo mzima: jina gani lifasiriwe maana yake, na jina gani liachwe kama lilivyo.

Jina linalonigusa karibu na nyumbani, hata hivyo, ni Azania. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya kwanza, mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, kinauita hivyo mwambao wetu, na soko lake la mwisho kinaliita Rhapta. Mwaka 1932 Evelyn Waugh aliliokota jina hilo akaliweka katika riwaya yake Black Mischief, likawa jina la kisiwa cha kubuni katika Bahari ya Hindi, chenye ramani yake. Mwaka 1930 alikuwa amekwenda Ethiopia kuhudhuria kutawazwa kwa Haile Selassie, kisha akapita Zanzibar. Mji mkuu wa kisiwa hicho akauita Debra Dowa, kwa mfano wa miji ya Ethiopia kama Debre Berhan. Kabila mojawapo akaliita Wanda, jina linaloanza na wa- kama tusemavyo Wapare au Wachaga. Yote haya aliyafanya ili amcheke mfalme wa Kiafrika mwenye pupa ya maendeleo. Ramani ile imetengenezwa vizuri, nakiri, na ndiyo maana dhihaka yake inauma: majina yanafanana mno na yetu.

Jina lenyewe halikubaki humo. Katika miaka ya 1960 baadhi ya wapigania ukombozi wa Afrika Kusini walilichukua kuiitia nchi waliyotaka kuipata. Dar es Salaam ipo shule ya sekondari ya Azania. Nikikutana na kijana anayesoma hapo, humwuliza kama anajua Rhapta ilikuwa wapi, swali ambalo wataalamu wangali wanalibishania. Mmoja alinijibu kwa kuniuliza kama nina ramani. Tukaikunjua mezani, tukaanzia delta ya Rufiji.