Kabla ya kujenga programu kutoka msimbo chanzo: kagua kompyuta yako kwanza

Vijana wengi wa Kampala wanaojifunza kompyuta, wakimbizi na wenyeji, hutumia mashine zilizokwisha tumika na bando wanalojilipia wenyewe. Ukishusha programu kwa saa kadhaa, halafu kazi ikakwama kwa sababu mashine haina nguvu ya kutosha, pesa ya bando hairudi. Makala hii inaeleza mambo ya kukagua kabla hujatumia hata shilingi moja.

Je, kujenga kutoka msimbo chanzo ni nini?

Msimbo chanzo ni maandishi yaliyoandikwa na watengenezaji wa programu. Kompaila huyageuza kuwa programu ambayo kompyuta inaweza kuiendesha. Mara nyingi kazi hii hudai nguvu nyingi kuliko kuitumia programu yenyewe. Kwa hiyo, kompyuta inayofungua kivinjari vizuri huenda isiweze kukijenga.

Je, unahitaji kweli kujenga?

Angalia kwanza kama programu hiyo ipo ikiwa tayari. Kwa mfano Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, hutolewa tayari kwa Windows, Ubuntu na Android. Kama unataka kuitumia tu, chukua hiyo. Jenga mwenyewe iwapo unataka kubadilisha msimbo, kujifunza kazi hiyo, au hakuna toleo lililo tayari kwa mashine yako.

Soma mahitaji kwa simu yako

Karibu kila mradi una faili linaloitwa README, INSTALL au BUILDING. Unaweza kulisoma kwa simu kwa bando dogo sana. Tofauti kati ya miradi ni kubwa:

- Python: ni nyepesi na inafaa kwa anayeanza. Kuanzia toleo la 3.11 inahitaji kompaila inayoelewa C11.
- Chromium: mashine ya biti 64, RAM isiyopungua GB 8 (zaidi ya GB 16 inapendekezwa), na nafasi ya GB 100 kwenye diski.
- Android: maelekezo ya mradi yanataja RAM ya GB 64 na nafasi ya GB 400.

Kagua mashine yako

Kwenye Linux, fungua dirisha la amri na uandike:

- `uname -m`: jibu la x86_64 ni biti 64, i686 ni biti 32.
- `free -h`: RAM yote na iliyobaki.
- `df -h`: nafasi iliyobaki kwenye diski.
- `gcc --version`: toleo la kompaila.

Linganisha majibu haya na yale uliyosoma. Kama mashine ni ya biti 32 na mradi unataka 64, acha hapo.

Maktaba zinazokosekana

Programu nyingi hutegemea maktaba za programu nyingine. Ikikosekana, mara nyingine ujenzi husimama na kukuambia. Mara nyingine humalizika kimya kimya, na tatizo huonekana baadaye. Ukijenga Python bila faili za maendeleo za OpenSSL (kwenye Ubuntu ni kifurushi cha `libssl-dev`), Python itafanya kazi, lakini `pip` haitaweza kushusha vifurushi kutoka mtandaoni. Soma kwa makini maonyo yanayotokea baada ya `./configure` na mwishoni mwa `make`.

RAM ikiwa ndogo

Tumia `make -j1` ili kazi ifanyike moja moja. Itachukua muda mrefu, lakini itahitaji RAM kidogo. Ukiona neno "Killed", mara nyingi RAM imekwisha na mfumo umeisimamisha kompaila.

Linda bando lako, jiandae na umeme

- `git clone` ikikatika njiani huanza upya. Afadhali kushusha faili moja lililobanwa kwa `wget -c`, ambayo huendelea pale ilipoishia kama seva inaruhusu.
- Ukilazimika kutumia git, ongeza `--depth 1` ili usishushe historia yote ya mradi.
- Umeme ukikatika wakati wa kujenga, usifute kitu. Andika `make` tena. Kwa kawaida haitarudia sehemu zilizokamilika. Likitokea kosa usilolielewa, andika `make clean` na uanze upya.

Je, mashine yako haitoshi?

Hilo halikuzuii kujifunza. Chagua mradi mdogo, au omba kutumia kompyuta yenye nguvu katika chuo au kituo cha mafunzo kilicho karibu nawe. Beba msimbo kwa flashi ili usiushushe mara mbili. Programu uliyoijenga huko inaweza kufanya kazi nyumbani iwapo aina ya prosesa na toleo la mfumo vinafanana na vya mashine yako.

Kumbuka: soma kwanza, kagua mashine, kisha ndipo ununue bando.