Kiti cha Mfalme Ndani ya Sheria ya Mwaka 1960

Mtu akiuliza kwa nini nchi yetu ilivunjika mwaka 1960 ikiwa haijamaliza hata majuma mawili ya uhuru, jibu la haraka tunalijua sote: wazungu, shaba, ukabila. Ni kweli. Lakini kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana, nalo linagusa mila: mambo ya mfalme na baraza lake.

Tuanze kwetu. Kwa Baluba, Mulopwe hakutawala peke yake. Alikuwa na Twite, Inabanza, Kalala na wakubwa wengine. Kulikuwa pia na Bambudye, chama cha watunza historia, wale wa lukasa, kile kibao cha shanga ambacho mtu anakisoma kwa vidole. Mulopwe mwenyewe alipaswa kuingizwa mu chama hicho. Na waliosimulia ukubwa wa Kalala Ilunga njo wale wale waliosimulia ukatili wa Nkongolo Mwamba. Kila mfalme mpya aliambiwa basi, bila kutajwa jina, namna mfalme mbaya anavyoishia.

Baraza ile ilikuwa na nguvu ya neno, lakini basoda haikuwa nao. Mulopwe akifa, kila mtoto alikuwa na wajomba zake, na wajomba walikuwa na mishale. Wakubwa wakisikilizana, nchi inatulia. Wakigawanyika, kila kundi linashika mtoto wake. Ilunga Kabale alipokufa karibu mwaka 1870, watoto wake walipigana, akashinda Kasongo Kalombo, yule ambaye Mwingereza Cameron alikaa kwake mwaka 1874 na 1875. Naye alipokufa, miaka ya 1880, vita vikarudi, na mara hii hakuna aliyemaliza mwenzake. Leta ya wazungu ilimsaidia Kabongo. Kasongo Nyembo akaungana na askari walioasi Force Publique, hakushikwa mpaka 1917. Hata leo viti ni viwili, cha Kabongo na cha Kasongo Nyembo.

Uingereza nako ilikuwa vile vile. Mfalme Charles wa Kwanza alitawala miaka 11 bila kuita bunge, toka 1629 mpaka 1640. Kisha franga zikamwishia, akalazimika kuliita, kwa maana kodi mpya ilitaka neno la bunge. Tarehe 4 Januari 1642 akaingia bungeni na askari kukamata wabunge watano. Walikuwa wamekwisha kukimbia. Mwezi wa 8 vita vikaanza, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Tuangalie vizuri pale: watu walikuwa wamegombana kwa maneno miaka mingi bila damu. Damu ilikuja siku waliposhindana nani anaamuru jeshi, na hakukuwa mtu juu yao wa kuamua.

Sasa turudi 1960. Sheria ya Msingi, ile ya tarehe 19 Mei 1960, ilitungwa Bruxelles, kwa mfano wa katiba ya Ubelgiji. Katiba ile inasema kwamba mfalme anaweka na anaondoa minisitri wake. Sheria yetu ikaandika, katika kifungu cha 22, kwamba Mkuu wa nchi anaweka na anaondoa minisitri wa kwanza na minisitri wengine. Yaani walitoa neno «mfalme», wakaacha kiti chake. Kule Ubelgiji neno hilo lilizungukwa na desturi ya zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo desturi haikutosha kila mara: Julai 1950, Leopold wa Tatu aliporudi katika kiti, migomo ilisimamisha kazi, jandarma wakaua watu wanne karibu na Liège, na mfalme akamwachia mtoto wake Baudouin. Hao waliokuwa wameona hivyo kwao, miaka 10 nyuma, walitupatia silaha ile ile bila ala. Kwa maoni yangu huo ni uzembe mkubwa, hata kama hatusemi kwamba walikusudia.

Tarehe 5 Septemba 1960, jioni, Kasa-Vubu akatangaza kwenye radio kwamba amemwondoa Lumumba. Minisitri wawili, Bomboko na Delvaux, waliweka sahihi pamoja naye. Lumumba naye akaenda radio, akasema Kasa-Vubu si Mkuu wa nchi tena. Tarehe 7 Baraza la wabunge likafuta maamuzi yote mawili; kesho yake Seneti ikamuunga Lumumba. Nani alikuwa na haki? Kasa-Vubu alikuwa na kifungu cha 22. Lumumba alikuwa na bunge. Mahakama ya katiba iliyotajwa mu sheria ilikuwa bado haijaundwa. Wakubwa wawili, kila mmoja na karatasi yake, na mwamuzi hakuna. Tarehe 14 Septemba Koloneli Mobutu akasema anawapumzisha wote wawili. Mbele ya mwaka kwisha kulikuwa serikali nyingine Stanleyville, ya Gizenga, na basoda wake.

Hapa Katanga ugomvi ulikuwa umeanza zaidi mbele. Baraza la jimbo lilikuwa na viti 60. Conakat ya Tshombe haikuwa na nusu, na sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ndiyo serikali iundwe. Balubakat na wenzao wakatoka, kazi ikasimama. Basi Juni 1960 bunge la Ubelgiji likabadili kifungu, na Conakat ikaunda serikali peke yake. Mtu anaweza kusema ni mambo ya hesabu tu. Lakini toka siku hiyo watu wa kaskazini waliona kwamba mlango wa baraza umefungwa kwao, na aliyefungiwa mlango wa baraza anatafuta mlango mwingine. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kujitenga. Vijana wa Balubakat na jandarma wa Katanga wakapigana Luena, Bukama, Manono. Njia ya treni inayopita hapa Lubudi haikuwa salama tena upande wa kaskazini. Mu mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikuwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa Elisabethville.

Na basultani wetu? Wengi waliingizwa mu ugomvi huo bila kupenda, wengine kwa kupenda. Minisitri wa mambo ya ndani wa Tshombe alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, mtu wa Bunkeya, na Bunkeya iko mu teritwari yetu ya Lubudi. Hatuwezi kusema mambo hayo yalifanyika mbali.

Kujitenga kulikwisha Kolwezi, Januari 1963, Umoja wa Mataifa ulipoingia. Lakini kifungu hakikutulia. Katiba mpya ya mwaka 1964 ilimwachia Rais nguvu ile. Oktoba 1965 Kasa-Vubu akamwondoa minisitri wa kwanza mara nyingine, safari hii Tshombe, akamweka Kimba. Bunge likamkataa Kimba. Kasa-Vubu akamrudisha Kimba yule yule. Tarehe 24 Novemba Mobutu akachukua kiti, na hakutoka mpaka 1997. Hakukuwa vita siku ile, kwa sababu jeshi halikugawanyika kama mwaka 1960. Lilikuwa na bwana mmoja.

Jandarma wa Tshombe walibaki bila bwana. Waliasi Kisangani mwaka 1966, wengi wakaishi Angola, na tarehe 13 Mei 1978 wamoja kati yao, pamoja na vijana wapya, wakaingia Kolwezi.