Samsoni wa Dhahabu: Huyo Simba Ni Nani?

Wasee, mkiona picha ya Samsoni wa Peterhof, kule Urusi karibu na Saint Petersburg, msidhani ni somo la Sande skuli. Jamaa wa shaba iliyopakwa dhahabu anapasua taya za simba kwa mikono mitupu, na kinywani mwa simba maji yanaruka juu takriban mita 20. Ni sanamu kali, sikatai. Lakini huyo simba si mnyama tu. Ni nchi: Uswidi.

Hebu turudi 1709. Tarehe 27 Juni, kwa kalenda ya Warusi ya wakati huo, jeshi la Petro Mkuu lilimchapa mfalme Karl XII wa Uswidi kule Poltava, ambayo leo iko Ukraine. Nembo ya Uswidi ina simba. Na siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Sampson. Sampson, Samsoni, simba: dongo likajitunga lenyewe.

Shida ni kwamba huyo mtakatifu hakupigana na mtu. Alikuwa daktari wa Constantinople, akitibu maskini na kukaribisha wageni. Kinachofanana ni jina tu. Na hata Samsoni wa Biblia, soma Waamuzi 14: alipomrarua simba hakuwaambia hata baba na mama yake. Yaani ushindi wa siri umegeuzwa tangazo la serikali!

Sanamu ya kwanza, ya madini ya risasi, ilisimamishwa 1735. Ilipochakaa, Mikhail Kozlovsky akachonga nyingine, ikawekwa 1802 ikiwa ya shaba. Halafu Wajerumani wakaiteka Peterhof 1941. Walipofukuzwa 1944, Samsoni hakuwepo tena. Hii iliyopo leo ni kazi ya Vasily Simonov, ya 1947.

Sasa jiulize: 1947, watu wametoka kuzikana kwa njaa na mabomu, nani alikuwa bado ana kinyongo na Uswidi? Kwa maoni yangu, simba alikuwa ameshabadilisha uraia. Sanamu ileile, adui mpya.

Ndiyo maana mimi nikikuta sanamu ya shujaa mjini, sianzi na shujaa. Naanza na yule anayekanyagwa: ni nani, na nani aliamua awe mnyama?

Mtaani kwenu kuna sanamu gani? Na simba wake ni nani?