Dodoma Ilichorwa kwa Ajili ya Miguu, Sisi Tukawa Tunasubiri Gari

Wadau, jaribuni kumwambia mkazi wa Dodoma kwamba jiji lake lilipangwa ili mtu aende shule, sokoni na kazini kwa miguu. Atacheka, halafu ataita bodaboda imfikishe dukani kununua chumvi. Lakini ndivyo ilivyoandikwa. Ipo kwenye Mpango Kabambe wa Makao Makuu wa mwaka 1976, na ukitaka kujua kwanini leo tunatembea juani pembeni ya lami huku magari yanatupiga vumbi, lazima uanzie hapo.

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile wazee wanayoiita CDA mpaka leo, na kazi ya kuchora mji ikapewa kampuni ya Toronto, Canada. Sasa hapa ndipo penye utamu. Wachoraji wale walitoka kwenye nchi ya magari, lakini hawakutuchorea mji wa magari. Waliangalia Mtanzania wa wakati ule anasafirije, wakaona ana miguu, akibahatika ana baiskeli, na akienda mbali anapanda basi. Wakampanga mtembea kwa miguu wa kwanza, gari binafsi wakaliweka mwisho. Mabasi yakachorewa barabara zake peke yake, za kuunganisha mtaa na mtaa. Majengo yalitakiwa yawe mafupi, na ndani ya mitaa ziwepo njia za watu, mbali na barabara kubwa.

Na kipimo cha mtaa walikipata wapi? Kwenye nyumba kumi! Yaani balozi wenu yule wa kugonga mihuri na kusuluhisha ugomvi wa mke na mume. Chama kilikuwa kimeshawagawa watu kwenye mashina ya nyumba kumi kumi kwa sababu za kisiasa, ili kila mtu ajulikane na kila neno lifike juu. Wapanga mji wakalichukua shina lilelile wakalifanya tofali la kujengea jiji: mashina kadhaa yanafanya kitongoji, vitongoji vinafanya mtaa wenye shule na soko lake. Sijui kama kuna mji mkuu mwingine duniani uliopimwa kwa ubalozi.

Wazo la mtaa wa kutembea lenyewe lilikuwa na umri wake. Mwaka 1929 mtaalamu mmoja wa New York alitoa hesabu ambayo wapanga mji wanaitumia hadi kesho: weka shule ya msingi katikati, watu kama 5,000 hadi 9,000 waizunguke, na kutoka katikati mpaka ukingoni pasizidi kama mita 400, mwendo wa dakika tano. Barabara kubwa zipite nje, zisikate ndani. Lengo lake lilikuwa mtoto afike shule bila kuvuka barabara ya magari, maana magari ya Marekani wakati huo yalikuwa yanaua watoto kweli kweli. Wakati huohuo ulikuwa unajengwa mji wa Radburn, New Jersey, wenye njia za miguu zilizotenganishwa kabisa na za magari. Huku kwetu wazo hilo lilishafika Nairobi na mpango mkuu wa mwaka 1948, likiwa limevaa koti la mkoloni. Kwa hiyo Dodoma haikuwa ya kwanza kuletewa. Ilichokuwa nacho ni kwamba safari hii aliyeagiza ni serikali yetu wenyewe, na ilijua inachotaka.

Basi nini kilitokea? Jibu la haraka ni hela. Mafuta yalipanda bei, tukapigana vita vya Uganda mwaka 1978 na 1979, hazina ikakauka, wizara zikabaki Dar. Barabara zile za mabasi peke yake hazikujengwa.

Mimi nakubali suala la hela, lakini naona kuna kosa lililokuwa ndani ya mchoro wenyewe. Mji wa kutembea unahitaji vitu viwe karibu, na vitu haviwi karibu kama watu wenyewe hawako karibu. Dodoma ilichorwa na nyumba za chini, nafasi kubwa, bustani na mashamba katikati, kwa sababu mji mkuu wa Ujamaa ulitakiwa ufanane na kijiji kikubwa. Inapendeza kwa macho. Ila muuza genge haishi kwa macho, anaishi kwa wateja wanaopita mlangoni. Nyumba zikikaa mbalimbali, genge linafungwa, na likifungwa unatembea mbali zaidi kufuata nyanya. Ukishatembea mara mbili juani, ya tatu unaita pikipiki.

Linganisha na Kariakoo. Wajerumani waliichora kwa mistari iliyonyooka, na baadaye Waingereza waliuacha uwazi wa Mnazi Mmoja kuwatenga Waswahili na sehemu nyingine za mji. Hakuna aliyewatakia wakazi wale matembezi mema! Lakini viwanja vilikuwa vidogo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, baraza mbele, chumba cha mbele kikageuzwa duka, dirishani mama anauza maandazi. Barazani kuna wazee wanaokuona ukipita, na usiku hiyo ndiyo taa yako. Mitaa ile ilitembeleka kuliko mtaa wowote uliochorwa kwa nia njema. Hata Dodoma penyewe, nenda Majengo, mtaa wa zamani karibu na soko, uone watu wanavyopishana kwa miguu.

Halafu kuna hili la heshima. Mpango wa 1976 uliwapangia watu kutembea kwa sababu hawakuwa na magari. Kwa hiyo kila mtu akaelewa kwamba kutembea ni hali ya kupita, kama uji wa asubuhi ya njaa. Siku mambo yakinyooka unanunua gari, na mtaa nao unajengwa ukimsubiri mwenye gari huyo. Ndiyo maana mtu akipata kiwanja leo anaanza na geti pana la kuingiza gari ambalo bado hajalinunua, na ukuta unaogusa barabara. Pa kutembea panabaki mtaroni.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahama kweli, watu walimiminika. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi 410,956, ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. CDA ilivunjwa mwaka 2017, wengi wakashangilia, kwa sababu ilikuwa inakodisha ardhi kwa miaka 33 tu na tingatinga lake lilikuwa halina salamu. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Ofisi za wizara zikajengwa Mtumba, zaidi ya kilometa 15 kutoka katikati ya mji. Karani anayeishi Area C haendi huko kwa miguu, labda awe na nadhiri.

Na zile barabara za mabasi peke yake? Zilikuja. Mabasi yalianza kutembea humo Mei 2016, miaka 40 baada ya mchoro, ila yalianzia Dar es Salaam.