Jina la Akinyi

Msichana anayezaliwa asubuhi huko Asembo, kando ya Ghuba ya Winam, huitwa Akinyi. Katika lugha ya Kijaluo okinyi ni asubuhi. Herufi ya kwanza ikigeuzwa kuwa A, neno huwa jina la mwanamke, na mvulana aliyezaliwa saa hiyo hiyo ni Okinyi. Maana hiyo ni nyepesi, na mtoto yeyote wa Rarieda aweza kuieleza kabla hujamaliza kumwuliza. Walakini maana ya jina ni jambo moja, na historia ya jina ni jambo jingine, na hiyo ya pili ndiyo isahaulikayo upesi.

Yafaa kwanza tuone jina hili limekaa wapi miongoni mwa ndugu zake. Amondi huzaliwa alfajiri, kabla hapajapambazuka vema, hufuatwa na Akinyi, kisha Anyango, jua likiwa linapanda, Achieng', jua likiwa kali, Adhiambo, jua likiwa limeelekea magharibi, Atieno, usiku, na Awuor, usiku wa manane. Siku nzima imegawanywa kwa majina ya watu. Mstari wa Ikweta unapita Maseno, si mbali sana na Asembo, kwa hiyo jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na mahali kama hapo jua laweza kuaminiwa kuwa saa. Wavuvi wa omena, ambao hutoka na taa zao usiku wa giza, hurudi pwani kuanika samaki wale wadogo katika saa hiyo hiyo ya kina Akinyi.

Majina mengine hayahesabu saa. Akoth alizaliwa wakati wa mvua, Akeyo wakati wa mavuno, Aoko nje ya nyumba. Apiyo na Adongo ni mapacha, wa kwanza na wa pili. Kwa mwanahistoria, lenye faida kubwa pengine ni Akech, maana kech ni njaa. Pale ambapo hapakuwa na cheti cha kuzaliwa, mzee aliweza kukumbuka ni njaa gani iliyokuwapo alipozaliwa fulani, na kwa njia hiyo mwaka ukakisiwa. Akinyi hawezi kutusaidia hivyo. Yeye hutupa saa, wala hatupi mwaka.

Tena mtu asidhani kwamba kila Akinyi alizaliwa asubuhi. Kwa desturi ya Wajaluo mtoto aliweza kupewa pia jina la jamaa aliyekufa, na jina la namna hiyo liliitwa nying juogi. Pengine marehemu alimjia mzazi katika ndoto akataka akumbukwe. Pengine mtoto alilia bila kunyamaza, na wakubwa wakaanza kutaja majina ya wafu mmoja mmoja. Jina ambalo alinyamaza lilipotajwa ndilo likawa lake. Basi aweza kuwapo Akinyi aliyezaliwa usiku wa manane, ambaye asubuhi ile si yake bali ni ya nyanya ya baba yake. Hapo kamusi haina msaada. Hana budi mtu kuuliza, “Ulirithi kwa nani?”, na kumwuliza mzee ambaye bado yu hai.

Swali hilo lina uzito zaidi kwa wasichana. Nasaba ambazo wazee wa Kijaluo hukariri hufuata upande wa baba: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani, na wanawake hutajwa mara chache. Bethwell Ogot alipoandika historia ya Wajaluo wa kusini, iliyochapwa mwaka 1967, masimulizi na nasaba za namna hiyo zilikuwa nguzo yake kubwa. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao huitwa kwa jina la alikotoka: Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo. Ni jina la heshima, lakini mabinti wote wa Asembo walioolewa huko huwa nalo. Jina lake mwenyewe hudumu hasa likirudishwa kwa mjukuu. Kwa hiyo nying juogi, ambayo wengine waliiona kuwa ushirikina mtupu, ilikuwa pia ndiyo daftari la wanawake.

Huko Australia mambo yalikwenda vingine. Jina la kike Kylie, alilokuwa nalo mwandishi Kylie Tennant aliyezaliwa mwaka 1912, husemwa kuwa limetokana na neno la Wanoongar, wenyeji wa kusini-magharibi ya nchi hiyo, litajalo kigongo kilichopindwa cha kurushwa windoni. Walowezi walipenda sauti yake wakawapa binti zao. Neno lilisafiri, nyanya wa Kinoongar hawakusafiri nalo.

Asembo haikupoteza majina yake kwa kuchukuliwa, bali yalisogezwa nyuma. Wamishenari wa Church Missionary Society walifungua shule ya Maseno mwaka 1906, na aliyebatizwa alipata jina jipya, nalo likaandikwa la kwanza. Oginga Odinga wa Bondo, aliyebatizwa Adonijah, baadaye aliliacha jina hilo, akataka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kijaluo, jambo ambalo viongozi wa kanisa hawakulipokea kwa urahisi.

Mwaka 1930 alizaliwa Asembo msichana aliyeitwa Grace Emily Akinyi. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Asembo kupata elimu ya shule. Msichana huyo alisoma Ng'iya na Butere, akajifunza uuguzi Uganda, akafanya kazi Uingereza, na mwaka 1959 akaolewa na Bethwell Ogot tuliyemtaja. Riwaya yake The Promised Land ilitoka mwaka 1966, na mwaka 1983 akatoa Miaha kwa Kijaluo. Alifariki mwaka 2015. Wasomaji wa nchi nyingi humjua kwa jina la Grace Ogot: Grace la ubatizo, na Ogot la mumewe, mtu wa Gem. Akinyi, ambalo ndilo alilopewa kwa Kijaluo huko Asembo, hawalioni kwenye majalada ya vitabu hivyo.