Tangi la maji ya mvua: pima kwanza

Kengeja, kusini mwa Pemba, mvua kubwa ni za masika, Machi hadi Mei. Kabla ya kununua tangi, pima chini eneo lililofunikwa na bati, urefu mara upana. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 8 kwa 6, kwa mvua ya milimita 10, hutoa lita 480. Ukiweka mfereji upande mmoja, hesabu nusu.

Lita 1,000 zina uzito wa tani 1. Jukwaa la miti likioza, tangi huweza kumwangukia mtoto. Jenga msingi mfupi wa mawe na saruji. Mwaga maji ya mwanzo, yana kinyesi cha ndege. Funika tangi kwa wavu, mbu wasizaliane. Ya kunywa, chemsha.