Pikipiki inayojisimamia yenyewe na ujuzi wa anayeiendesha

PIKIPIKI ikishashika kasi haihitaji mtu wa kuizuia isianguke. Wengi hudhani mambo ni kinyume, lakini huo ndio ukweli unaopaswa kutangulizwa kabla ya kuzungumzia vyombo vya magurudumu mawili vinavyojisawazisha, habari ambazo zilivuma pale kampuni ya Honda ya Japani ilipoonyesha pikipiki ya aina hiyo mjini Las Vegas, Marekani, Januari 2017.

Pikipiki hiyo ya majaribio, iliyoitwa Riding Assist, ilisimama wima pasipo kuegemezwa na hata ikamfuata mtu aliyekuwa akitembea mbele yake. Mtazamaji angetarajia kuambiwa kwamba ndani yake mna jairoskopu, yaani gurudumu zito linalozungushwa kwa kasi kubwa ili kupinga mwinamo. Mbinu hiyo ni kongwe. Mnamo 1914 Mrusi Pyotr Shilovsky alionyesha jijini London gari la magurudumu mawili lililosimamishwa kwa jairoskopu. Kasoro ya kifaa hicho ni kwamba huongeza uzito na hula nguvu ambazo zingetumika kwa safari.

Honda haikufuata njia hiyo. Ilitumia maarifa iliyopata katika kuunda roboti ya miguu miwili iitwayo ASIMO. Mwendo unaposhuka, mikono miwili inayolishika gurudumu la mbele hulisogeza mbele zaidi, usukani hutenganishwa na gurudumu hilo, kisha mota hulipinda kidogo kushoto na kulia bila kukoma, mithili ya mtu anayesimamisha fimbo juu ya kiganja chake. Yote hayo hufanyika katika mwendo usiozidi takriban kilomita 5 kwa saa. Yamaha ilipotangaza mfumo wake mwaka wa 2022, nayo ilitaja kikomo hicho hicho.

Mbona kilomita 5 tu? Ni kwa sababu mwendo ukizidi hapo sana, kazi iliyobaki si kubwa. Pikipiki iliyo mwendoni ikiinama upande mmoja, gurudumu la mbele hujipinda lenyewe kuelekea upande huo huo na kukirejesha chombo chini ya uzito wake. Mwaka wa 1970 Mwingereza David Jones alieleza jinsi alivyojaribu kuunda baiskeli isiyoendesheka. Alifunga gurudumu la ziada lililozunguka kinyumenyume ili kuiua nguvu ya mzunguko wa gurudumu la mbele, na bado baiskeli hiyo iliendesheka bila taabu. Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani na Uholanzi walionyesha katika jarida la Science kwamba hata ukiondoa nguvu hiyo ya mzunguko, mpangilio mzuri wa uzito waweza kuifanya baiskeli ijisimamie.

Kwa hiyo mitambo hii mipya inamsaidia mwendeshaji mahali ambapo huanguka kwa aibu zaidi kuliko kwa hatari: kwenye foleni, langoni, au anapoigeuza pikipiki nzito akiwa na miguu mifupi. Huo ni msaada wa maana, hasa kwa wazee. Lakini si mahali ambapo watu wengi hufia.

Ripoti inayotajwa sana kuhusu suala hili ilitolewa nchini Marekani mwaka wa 1981 na kundi la watafiti lililoongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Watafiti hao walifika wenyewe kwenye ajali 900 katika eneo la Los Angeles. Waligundua kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliohusika walijifunza wenyewe au walifundishwa na jamaa na marafiki. Katika ajali ya kawaida, mwendeshaji alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kuikwepa hatari. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde 2 ni takriban mita 28. Wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likateleza, huku ile ya mbele wakiitumia kidogo mno. Uwezo wa kukwepa kwa kupinda usukani haukuwapo kabisa.

Jambo hilo la mwisho linahitaji maelezo. Ili pikipiki iliyo katika kasi ielekee kushoto, ni sharti kwanza iinamie kushoto, na njia ya haraka ya kuiinamisha ni kuusukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, yaani kulipinda gurudumu kulia kwa nukta moja. Kila mwendeshaji hufanya hivyo bila kujua. Shida ni pale gari linapojitokeza ghafla: mwenye hofu huupinda usukani kuelekea upande anaotaka kukimbilia, na pikipiki inamwinamia upande wa gari lile lile. Mtu hawezi kulitambua hilo kwa kubahatisha. Lazima alifanyie mazoezi hadi mikono ilizoee.

Roboti nazo zimeonyesha kwamba usawa ni sehemu ndogo tu ya kazi. Mwaka wa 2004 pikipiki isiyo na dereva iliyoitwa Ghostrider iliingizwa katika mashindano ya jangwani huko Marekani, ikaanguka papo hapo kwenye mstari wa kuanzia kwa kuwa mfumo wake wa kuisawazisha haukuwa umewashwa. Miaka 13 baadaye roboti ya Yamaha, Motobot, haikuwa na tatizo la kuanguka. Ilikaa juu ya pikipiki ya mashindano na kupita kilomita 200 kwa saa. Hata hivyo, iliposhindanishwa na bingwa Valentino Rossi katika uwanja wa Thunderhill, California, ilimaliza mzunguko kwa sekunde 117.504, naye Rossi kwa sekunde 85.740.

Teknolojia iliyookoa watu haina mvuto wa namna hiyo. Ni breki zisizoyaachia magurudumu yakwame, maarufu kama ABS, ambazo BMW ilianza kuzifunga kwenye pikipiki mwaka wa 1988 na ambazo Umoja wa Ulaya ulianza kuzilazimisha mwaka wa 2016 kwa pikipiki mpya zinazozidi 125cc. Hata hizo humsaidia tu mtu anayethubutu kubana breki.

Japani kwenyewe, nyumbani kwa Honda na Yamaha, anayeomba leseni ya pikipiki kubwa hupitishwa juu ya njia nyembamba iliyoinuliwa, yenye urefu wa mita 15 na upana wa sentimita 30, na hutakiwa kutumia si chini ya sekunde 10. Akifika mapema, hupoteza alama. Uingereza, kwa upande wake, humpima mwanafunzi kwa kumwamuru asimame ghafla na kukwepa kizuizi akiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa.

Humu nchini, vijana wengi wa bodaboda hufundishwa na wenzao kwa siku chache kisha wakaingia barabarani na abiria. Sheria inaruhusu abiria mmoja, lakini mishikaki ya watu watatu au wanne ingali ni jambo la kawaida. Uzito huo ukirundikwa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hauitikii inavyotakiwa. Aidha, imani kwamba breki ya mbele humrusha mtu imewafanya wengi waiogope, ilhali chombo kinapofunga breki uzito husogea mbele na gurudumu hilo ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kukisimamisha. Hubanwa polepole kwanza, kisha kwa nguvu zaidi, pikipiki ikiwa imenyooka. Uwanja mtupu wa shule siku ya Jumapili unatosha kwa somo hilo.